Asali Mbele ya Mpimaji

Sokoni, kila mnunuzi wa asali ni mpimaji. Mmoja huchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha. Wa pili hudondosha tone kwenye glasi ya maji aone kama litazama bila kutawanyika. Wa tatu humwaga kidogo chini asubiri sisimizi, na wa nne huidondosha juu ya mchanga atazame kama itanywewa. Asali ikiganda chupani, wote wanne hukubaliana: imetiwa sukari. Watu hawa hawakosei kuwa na wasiwasi, maana asali ni miongoni mwa vyakula vinavyochakachuliwa sana duniani. Kinachowaangusha ni njia. Sharubati nzito ya sukari nayo huzama majini. Njiti huwaka au hukataa kuwaka kutokana na kiasi cha maji kilichomo, hata kama asali yenyewe haikutoka kwa nyuki. Na kuganda ni tabia ya asali: glukosi inapozidi kiasi ambacho maji yanaweza kukibeba, hujitenga na kuwa fuwele. Asali safi ya alizeti huganda upesi, wala haina kosa.

Wapo watu waliokabidhiwa kazi ya kulijibu swali hilo la sokoni kwa utaratibu: wapimaji wa asali katika maabara. Kazi yao haina kelele, na jina la mpimaji haliandikwi kwenye lebo ya chupa. Ninaiheshimu kwa sababu moja kubwa. Kila kipimo cha asali hujibu swali moja tu na kunyamaza juu ya mengine yote. Kipimo cha maji hakijui lolote kuhusu sukari iliyoongezwa, na kipimo cha sukari hakijui lolote kuhusu dawa. Ufundi uko katika kujua swali lipi liulizwe, katika kuyaoanisha majibu, na katika kutosema neno moja zaidi ya kile kilichopimwa. Na ufundi huo haukamiliki bila kuujua msitu asali ilikotoka.

Chukua asali ya Tabora. Inatoka kwenye misitu ya miombo, yenye mitundu na mininga, ambako kwa vizazi vingi mizinga imetengenezwa kwa magogo yaliyochongwa na kwa magome ya miti, ikatundikwa juu matawini. Mrina asali hupanda na moshi wake, hukata masega, hushuka na ndoo. Asali hiyo mara nyingi ni nyeusi kiasi, nzito, na ina harufu ya msitu, pengine na ya moshi pia. Tanzania ni mzalishaji mkubwa wa asali barani Afrika, nyuma ya Ethiopia. Ili asali yake iingie katika soko la Umoja wa Ulaya, nchi hutakiwa kuwa na mpango wa kila mwaka wa kufuatilia mabaki ya dawa na sumu katika asali hiyo. Kwa hiyo ndoo ya mrina wa kijijini inaweza kufika mbele ya mashine zenye uwezo wa kuona kisichoonekana. Kati ya ndoo na mashine yupo mpimaji.

Kazi yake huanzia kwenye pipa. Mchovya asali hachovi mara moja, na kwa mpimaji methali hii ni kanuni ya kazi. Pipa la kusafirishia hubeba takriban kilo 300, na asali iliyotulia humo hujitenga: fuwele hukaa chini, maji huzidi juu, chembe za nta na mabawa ya nyuki huelea. Atakayechota juu peke yake atapata asali yenye maji mengi. Atakayechota chini peke yake atapata nyingine kabisa. Mpimaji makini hukoroga panapowezekana, huchota juu, katikati na chini, huchanganya, kisha hujaza chupa safi iliyo kavu kabisa, kwa sababu asali hunyonya unyevu hata wa hewani. Huandika namba ya pipa, hutia lakiri, na huweka akiba chupa ya pili ya asali ileile endapo matokeo yatabishaniwa. Hatua hii hufanywa na mtu aliyeinama ghalani, jasho likimtiririka, na kosa lake haliponywi na mashine yoyote ya baadaye.

Swali la kwanza ni maji. Mpimaji hupaka tone juu ya prizimu ya kioo ya refraktomita, hufunga kifuniko, hutazama kwenye tundu la kuonea. Mwanga ukipita kwenye asali hupinda, na asali ikiwa na maji machache hupinda zaidi. Vifaa vya aina hii vina ukoo na kile alichokibuni Ernst Abbe huko Jena, Ujerumani, katika karne ya 19. Kwenye nyuzijoto 20 za Selsiasi, asali yenye maji asilimia 20 husomeka 1.4840, yenye asilimia 17 husomeka 1.4915. Tofauti iko kwenye tarakimu ya tatu baada ya nukta, na joto la chumba linatosha kuivuruga. Ndiyo maana mpimaji husoma kipimajoto kabla ya kusoma asali, kisha hurekebisha hesabu kwa kila nyuzi moja iliyozidi au kupungua. Asali iliyoganda kwanza huyeyushwa polepole ndani ya chupa iliyofungwa, kwenye maji ya uvuguvugu, ili mvuke usitoroke na jibu likatoroka nao.

Kiwango cha Codex Alimentarius, tume ya chakula ya FAO na WHO, kinasema maji katika asali yasizidi asilimia 20. Namba hiyo ina sababu. Ndani ya asali hulala hamira za asili zinazovumilia sukari nyingi. Maji yakiwa chini ya asilimia 17 hivi, hamira hizo haziwezi kuamka. Yakizidi asilimia 19 zinaweza kuchachusha pipa zima. Nyuki wanalijua jambo hili kwa njia yao: hupepea mbochi kwa mabawa usiku na mchana mpaka ukauke, ndipo hufunika vijumba vya sega kwa nta. Mrina akikata sega ambalo halijafunikwa, amekata kazi ambayo haijakwisha, na refraktomita itamwambia hivyo.

Swali la pili ni joto, na hapa ndipo ninapoupenda zaidi ufundi huu. Asali ikichemshwa ili ichujike haraka, au ikikaa miezi kwenye debe lililopigwa na jua, sukari zake huvunjika taratibu na kuzaa kemikali iitwayo haidroksimethilifafurali, kwa kifupi HMF. Asali mbichi kutoka kwenye sega huwa na kidogo sana. Wakati huohuo joto huua diastesi, kimeng'enya ambacho nyuki huiachia asali na ambacho kazi yake ni kuvunja wanga. Kimoja hupanda, kingine hushuka, na mpimaji huvipima vyote viwili.

Kwa HMF, huyeyusha gramu chache za asali, hutia vimiminika viwili vinavyokusanya protini na uchafu, huchuja mpaka maji yawe maangavu, kisha hugawa mara mbili. Nusu moja hutiwa maji tu. Nyingine hutiwa baisalfaiti, ambayo huifuta HMF machoni pa mashine. Spektrofotomita hupima ni mwanga kiasi gani wa urujuanimno umemezwa kwenye mawimbi ya nanomita 284, na hulinganisha nusu hizo mbili. Kwa diastesi, huchanganya asali na wanga kwenye joto la nyuzi 40 na kuchota kidogo kila baada ya dakika kadhaa, akidondoshea iodini. Wanga ukikutana na iodini hutoa buluu. Kadiri kimeng'enya kinavyofanya kazi, buluu hufifia. Mpimaji hukaa na saa mkononi akifuata rangi hiyo, na hawezi kuiharakisha, kwa kuwa kinachopimwa ni mwendo wenyewe.

Kisha hukaa na majibu mawili kama kadhi aliyesikiliza mashahidi wawili. Codex inataka HMF isizidi miligramu 40 kwa kilo, na diastesi isipungue vizio 8 vya Schade. HMF ikiwa juu na diastesi ikiwa chini, asali imepikwa au imezeeka. HMF ikiwa juu lakini diastesi ikiwa hai, mpimaji husimama na kufikiri: huenda imeongezwa sharubati ya sukari iliyovunjwa kwa asidi, ambayo huja na HMF yake. Zote mbili zikiwa chini, asali inaweza kuwa haina hatia, maana zipo asali ambazo kwa asili zina vimeng'enya vichache, na kwa hizo Codex hukubali vizio 3. Kwa asali ya nchi za joto, iliyotajwa hivyo kwenye lebo, HMF huruhusiwa kufika miligramu 80. Walioandika hivyo walitambua kwamba ghala lenye joto la nyuzi 30 mwaka mzima haliwezi kuhukumiwa kwa kipimo cha ghala la nchi ya baridi.

Swali la tatu ni asili: asali hii ni ya maua gani? Hapa hakuna mashine inayoweza kumwondoa mtu. Mpimaji huyeyusha gramu 10 za asali kwenye maji, huizungusha kwa kasi mpaka vitu vizito vitue chini ya mrija, humwaga maji, na tone la masalia hulipaka kwenye kioo cha hadubini. Chini ya lenzi hutokea chavua, na kila mmea una yake. Chavua ya alizeti ina miiba pande zote. Ya mkaratusi ina pembe tatu. Ya migunga mara nyingi hukaa kwa mafungu, chembe 16 zikishikamana pamoja. Ya mahindi ni duara kubwa lenye tundu moja, na haina maana kwamba nyuki alinyonya mbochi wa mahindi, kwa sababu mahindi hayana mbochi. Alikusanya chavua tu, au upepo uliileta. Mpimaji huhesabu chembe moja moja, mara nyingi 300 au zaidi, akitaja kila moja. Huona pia masizi ya moshi, ukungu, na wakati mwingine chembe za wanga zinazodokeza kwamba kuna kitu kimeongezwa.

Mwenye jicho hilo hakulipata vitabuni pekee. Lazima mtu aende msituni, achume ua la mtundu likiwa limechanua, aitoe chavua yake, aipake kwenye kioo na kuiandika jina, ili iwe rejea ya kulinganishia. Bila mkusanyiko huo wa vioo, asali ya miombo ikifika maabara ya mbali huonekana imejaa chavua zisizojulikana, na kisichojulikana hutiliwa shaka haraka. Kila kioo kilichoandaliwa na mtaalamu wa mimea wa Afrika Mashariki ni utetezi wa asali ya hapa.

Swali la nne ndilo la yule mnunuzi wa sokoni: je, imetiwa sukari? Mwaka 1978, wakemia wa Marekani Jonathan White na Landis Doner walieleza njia moja yenye werevu mkubwa. Miwa na mahindi hunasa hewa ya kaboni kwa namna tofauti na miti mingi na maua ambayo nyuki hutembelea, na tofauti hiyo hubaki kwenye uwiano wa kaboni nyepesi na kaboni nzito ndani ya sukari. Baadaye njia hii iliboreshwa kwa kutoa protini kidogo iliyo ndani ya asali na kuilinganisha na asali yenyewe. Protini hutoka kwa nyuki na chavua, kwa hiyo tapeli anapoongeza sharubati ya miwa, sukari hubadilika lakini protini husema ukweli. Asali hupimwa kwa kujilinganisha na nafsi yake.

Lakini matapeli nao husoma. Waligeukia sharubati za mchele na za viazisukari, mimea ambayo kaboni yake inafanana na ya maua. Maabara zikajibu kwa mashine za usumaku wa viini vya atomu, zinazochora picha ya mamia ya kemikali kwa mara moja. Umoja wa Ulaya ulipochunguza sampuli 320 za asali iliyoingizwa kutoka nje, na kutoa taarifa mwaka 2023, asilimia 46 zilitiliwa shaka. Neno lililotumika ni shaka, na wapimaji walilichagua kwa makusudi. Mashine ilionyesha dalili. Hukumu ilihitaji uchunguzi mwingine. Katika biashara yenye fedha nyingi na hasira nyingi, kuandika shaka pale palipo na shaka, bila kuongeza wala kupunguza, ni uadilifu.

Swali la tano ndilo la usalama wenyewe. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulisimamisha mazao mengi ya wanyama kutoka China, asali ikiwemo, baada ya kukutwa mabaki ya kloramfenikoli, kiuavijasumu ambacho kinaweza kuharibu uboho wa mtu. Tangu hapo maabara hutafuta dawa za aina hiyo kwa kiwango cha sehemu za bilioni moja, yaani kiasi kilicho chini hata ya mikrogramu moja ndani ya kilo nzima. Mrina wa miombo kwa kawaida hawapi nyuki wake dawa yoyote, na hiyo ni nguvu kubwa ya asali yake. Lakini Tabora pia ni mkoa wa tumbaku, na nyuki hajui mpaka wa shamba. Mpimaji anayeijua nchi hiyo hutafuta nikotini na viuatilifu vya mashambani kabla hajaambiwa. Hutafuta pia madini yanayotoka kwenye madebe yenye kutu, kwa sababu asali ni chachu na hula chuma. Na panapolimwa marejea kwa ajili ya kurutubisha udongo, hukumbuka kwamba baadhi ya mimea ya jamii hiyo hubeba sumu za asili zinazodhuru ini, na zinaweza kupita kwenye mbochi na chavua.

Yapo pia ambayo kipimo hakiwezi kuyaondoa. Asali safi kabisa inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu. Mtu mzima huzimeza salama. Tumbo la mtoto mchanga linaweza kuziotesha. Kwa hiyo mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, hata iwe imefaulu kila kipimo, na hata kama mila ya nyumbani inasema alambishwe siku ya kwanza. Mpimaji mwaminifu husema hivyo waziwazi.

Mazao mengine ya mzinga yana ufundi wake. Nta safi huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 65. Iliyochanganywa na parafini hufichuliwa kwa kuchemshwa na magadi makali ndani ya spiriti kisha kuachwa ipoe huku kipimajoto kikiwa ndani, mpimaji akingoja nyuzi ambayo ukungu unaanza kutanda. Maziwa ya nyuki hutambulika kwa asidi moja ya mafuta ambayo ni alama yake. Chavua inayouzwa kama chakula huchunguzwa unyevu na ukungu, na gundi ya nyuki huchunguzwa risasi, maana hunata kila inachokutana nacho.

Kisha iko asali ya nyuki wadogo wasiouma, nyepesi, yenye uchachu, inayothaminiwa sana na kutumika kama dawa katika nyumba nyingi. Maji yake huzidi asilimia 20 kwa maumbile. Mwenye kusoma namba tu ataiandika imefeli. Mpimaji anayejua ataandika kwamba kiwango hicho kiliandikwa kwa ajili ya asali ya nyuki wakubwa, na kwamba hii inahitaji kiwango chake. Malaysia ilishaandika kiwango cha asali ya nyuki wa aina hiyo mwaka 2017. Elimu ya kutengeneza kiwango hapa kwetu inaweza kutoka kwa warina wenyewe, kwa maabara ya marejeo ya afya ya nyuki iliyofunguliwa katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, mwaka 2014, kwa Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora, na kwa Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 hubeba pia jukumu la usalama wa chakula.

Mwisho wa kazi yote hii ni karatasi. Ina namba chache, na kando ya kila namba huandikwa kiasi inachoweza kukosea. Karatasi hiyo huenda kwa mnunuzi, kwa msafirishaji, kwa ofisa wa bandari. Mara chache mno humrudia mrina, na hilo ndilo ningetaka libadilike. Maji asilimia 22 yanamwambia asubiri sega lifunikwe. HMF iliyopanda inamwambia aweke ndoo kivulini na aache kuchuja kwa moto. Masizi yanamwambia apunguze moshi, kutu inamwambia aachane na debe na atumie ndoo ya plastiki ya chakula. Kila namba ni ushauri wa kitaalamu uliokwisha kulipiwa, na kituo cha kukusanyia asali kinaweza kuubandika ukutani kwa Kiswahili chepesi bila gharama ya kutaja. Ushirika ukimlipa mrina zaidi kwa asali iliyofaulu, na kumweleza kwa nini ya jirani yake haikufaulu, msimu unaofuata mpimaji atapokea asali bora kuliko ya jana. Wapimaji wamefanya sehemu yao kwa subira. Sasa ni juu yetu tunaosimamia ushirika, masoko na ofisi kuyafikisha majibu yao kwa mtu aliyepanda mti.